UZI: Kabla hujaenda kwa gorila Bwindi, pitia kwanza kwa sokwe wa Entebbe na kamera yako

#1 Binti Ukerewe

Habarini wakuu. Naishi Kampala mwaka wa sita sasa. Riziki yangu ni picha za harusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), lakini moyo wangu uko kwa mbega, tumbili, sokwe na gorila. Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kutoka Mwanza na kamera mpya. Jambo la kwanza kuniomba: "Dada, nipeleke Entebbe nikapige gorila." Kuna dereva mmoja wa magari ya watalii alimwambia wapo pale, tena akataka kumtoza hela ya kumpeleka.

Hawapo, wakuu. Bustani ya wanyama ya Entebbe ina sokwe, ina kima na tumbili wa aina kadhaa, ina simba, ina korongo nyangumi, lakini gorila hana. Tena gorila wa milimani hayupo kwenye bustani yoyote duniani. Wale mnaowaona kwenye picha za bustani za Ulaya na Marekani karibu wote ni gorila wa nyanda za chini wa magharibi, ndugu zao wa porini wako upande wa Gaboni, Kameruni na Kongo. Wa kwetu wako hifadhi za Bwindi na Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda, msituni, na wanafuatwa kwa miguu.

Mdogo wangu alinywea. Nikamwambia twende Entebbe hivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Naamini kabisa kwamba mtu anayetaka picha nzuri ya gorila aanze kwa sokwe wa Entebbe. Bwindi ukishawafikia gorila unapewa saa moja tu. Watu 8 kwa kundi moja la gorila, saa moja, kisha askari wa hifadhi anasema basi. Kile si kipindi cha kutafuta kitufe kiko wapi. Entebbe unakaa kutwa nzima kwa kiingilio kimoja, unakosea, unafuta, unapiga tena, na sokwe bado yupo palepale.

Tatizo kubwa la kwanza ni weusi. Kamera haijui kwamba kilicho mbele yake ni cheusi. Imeundwa kudhani kila kitu, ukichanganya, ni kijivu. Ukimjaza sokwe kwenye picha, inasema "hapa pana giza" inaongeza mwanga. Matokeo yake manyoya yanakuwa rangi ya majivu, majani ya nyuma yanaungua yanakuwa meupe, na uso unapoteza mikunjo yake yote. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Rudisha chini theluthi mbili ya stopu (stopu ni kipimo cha mwanga kwenye kamera), hata stopu nzima akijaza fremu. Mwenye simu aguse uso wa mnyama kwenye kioo, kijua kikitokea akivute chini. Mweusi abaki mweusi, ila uone kila unywele.

La pili ni macho. Sokwe na gorila wana paji lililochomoza juu ya macho kama paa la baraza. Saa sita mchana hapa kwetu karibu na ikweta jua liko utosini, paa lile linatia kivuli na macho yanakuwa mashimo mawili. Nendeni asubuhi milango ikifunguliwa, au siku ya mawingu. Mvua ikishapita Entebbe, ziwa likiwa na rangi ya bati, mwanga unatua usoni taratibu na kwenye kila jicho kunakaa kijidoti cheupe cha mbingu. Bila kile kijidoti, sokwe kwenye picha anaonekana amekufa.

Kwa fokasi, msiiachie kamera ichague yenyewe. Itachagua jani. Wekeni nukta moja tu, iwekeni kwenye jicho lililo karibu.

Naomba wenye uzoefu waongeze, na wenye maswali waulize.

#2 Kijana wa Arua

Asante sana dada. Mimi natumia simu tu, sina kamera. Nilikwenda Entebbe, kisiwa cha sokwe kiko mbali kwa simu, yaani natoka na nukta nyeusi kwenye majani. Kuna njia?

#3 Binti Ukerewe

Kaka, ipo. Usivute kwa vidole kwenye kioo, hiyo inakata picha tu. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya mbali, tumia hiyo na uiegemeze kwenye ukuta au ukingo isitikisike. Isipokuwa nayo, basi usipige uso, piga mahali. Sokwe mmoja mdogo, maji mbele yake, mti na ziwa nyuma. Picha ninayoipenda zaidi kati ya zote nilizopiga pale, sokwe ni mdogo kuliko kidole gumba, amekaa ukingoni anatazama maji. Watu wengi hawajui kwamba sokwe haogelei, ndiyo maana maji yale yanatosha kuwa uzio. Picha ile inaeleza hilo bila maneno.

Na usimalizie kwa sokwe. Toka, nenda bustani ya mimea ya Entebbe, hapo hapo jirani. Ilianzishwa 1898, miti yake ni mikubwa ajabu, na mbega na tumbili wako huru kabisa, wanashuka hadi karibu. Pale simu inatosha.

#4 Mzee wa Kitooro

Wanangu, salaam. Mimi nimekaa Entebbe tangu ujana, na bustani ile naijua tangu watu wengi mnaoandika humu hamjazaliwa. Ilifunguliwa 1952. Binti kasema kweli tupu, lakini ngoja niongeze jambo la adabu, kwa sababu picha na adabu haviachani.

Palikuwa na sokwe dume aitwaye Zakayo. Wenye umri wao mnamkumbuka. Alikufa Aprili 2018 akiwa na miaka 54, na magazeti yaliandika kama amekufa mtu mkubwa. Nilikuwa nawapeleka wajukuu kumtazama. Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, anakaa ametulia kama mzee wa ukoo anayesikiliza kesi. Siku moja likaja kundi la wanafunzi na walimu wao, sitaitaja shule. Watoto wanapiga kelele, wanarusha chupa za soda na biskuti ili sokwe wasogee wapige picha. Sokwe wawili vijana wakaanza kupigania chupa, mmoja akang'atwa mkono. Mhudumu alifika mbio, akawafukuza watoto pale, na alikuwa na haki.

Aliyerusha ile chupa alipata picha yake. Meno nje, mdomo umefunuka hadi ufizi. Akaenda kuwaonyesha wenzake, "tazama sokwe anacheka". Sokwe akifunua meno yote namna ile, ya juu na ya chini, hacheki. Anaogopa. Akiwa anacheza, mdomo unafunguka umelegea na meno ya juu yamefunikwa. Ukijua tofauti hii, picha nyingi za kwenye simu za watu zitakuuma.

Msirushe kitu. Msipige makofi. Mkae.

#5 Mwanasesere_Ntinda

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la meno sikulijua, na nina picha kama hiyo nimeiweka kwenye ukuta wa saluni yangu. Leo naitoa.

#6 Mzee wa Kitooro

Marahaba mwanangu. Weka ya mbega badala yake.

#7 Otieno wa Kisumu

Wakuu, mimi nashughulika na kitu kingine: wavu na vioo. Nimepiga kwenye bustani za wanyama nchi kadhaa, na vizimba vingi vya kima na tumbili vina wavu. Watu wanakata tamaa wakiuona. Lakini wavu unapotea, mkiufahamu.

Ufungue mlango wa lenzi wote, ile namba ndogo kabisa, f/2.8 au f/4. Vuta lenzi hadi mwisho wake wa mbali. Sogea karibu na wavu kadiri kizuizi cha wageni kinavyoruhusu (kizuizi hakirukwi, hilo halina mjadala, mkono wa tumbili ni mwepesi kuliko unavyodhani). Kisha subiri mnyama awe mbali na wavu kwa upande wake. Wewe karibu, yeye mbali: nyaya zinayeyuka. Yeye akiegemea wavu, hapo acha, furahia kumtazama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: tafuta wavu ulio kivulini. Waya ukipigwa na jua unang'aa, na hata ukiyeyuka unaacha ukungu mweupe juu ya picha nzima. Mara nyingine mimi humwomba rafiki asimame na kofia pana atie kivuli pale mbele ya lenzi. Picha inabadilika hapo hapo.

Kioo nacho, bandika lenzi juu yake, iwe imenyooka, na kizuizi cha mpira mdomoni ili mwanga wa nyuma yako usiingie. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe litakaa kwenye kifua cha mnyama kama mzimu. Flashi zima kabisa. Kwenye kioo inakurudia mwenyewe, na kwa mnyama ni kero.

#8 Binti Ukerewe

Otieno umeniokoa. Nilikuwa nabanana na kima mmoja mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, yule wanamwita de Brazza, kila picha ina ukungu. Kumbe ni jua kwenye waya. Nikirudi nitakwenda na khanga niitandaze.

#9 Nakku

Mimi ni Muganda wa ukoo wa Nkima, Kiswahili nimekipata Mombasa nilikosoma. Kwetu kima ni mwiko wetu, hatumli, hatumdhuru, ni ndugu. Kwa hiyo uzi huu nausoma kwa moyo.

Ninachotaka kusema ni kuhusu mbega wa bustani ya mimea. Mtoto wa mbega anazaliwa mweupe mwili mzima. Mweupe kama pamba, uso wa waridi. Baada ya miezi michache ndipo anapata rangi nyeusi na nyeupe ya wakubwa. Nilimkuta mama amekaa kwenye tawi la chini, mkia wake mrefu umening'inia kama brashi ya chokaa, na mtoto mweupe kifuani. Mama mweusi, mtoto mweupe. Nikipunguza mwanga, mama anakuwa shimo. Nikiongeza, mtoto anakuwa balbu. Nikakaa nusu saa nzima najaribu. Mwanga sahihi ni upi hapo?

#10 Binti Ukerewe

Nnyabo, hapo mfuate mtoto. Cheupe kikishaungua hakirudi, hakuna programu itakayokirudisha. Cheusi kikizama kidogo unakiinua baadaye kwenye kompyuta, hasa ukipiga kwa faili ghafi badala ya JPEG. Kwa hiyo pima mwanga kwenye manyoya ya mtoto, uhakikishe unaona nywele zake, mama ataeleweka. Na subiri wingu. Kwenye jua kali picha hiyo haipatikani kwa kamera yoyote.

Halafu tafadhali, tafadhali, itupie humu tuione.

#11 Bahati Kisoro

Jamani salamu kutoka Kisoro. Mimi ni Mkongomani, nimeoa huku, na nimebeba mizigo ya wageni Rushaga, upande mmoja wa msitu wa Bwindi, miaka kadhaa. Wengine wananiita poota. Nimewaona wapiga picha wa kila namna, wenye lenzi ndefu kama bazuka na wenye simu iliyopasuka kioo. Ngoja niwaambie kinachotokea kule, kwa sababu mleta uzi kaniamsha.

Kibali kwanza. Tangu Julai 2024 mgeni wa kutoka nje analipa dola 800, raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Kwa hiyo ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, msiseme gorila ni wa Wazungu. Umri kuanzia miaka 15. Njoo na kitambulisho.

Asubuhi mnakusanyika, mnafundishwa, mnagawiwa makundi. Wafuatiliaji wametangulia tangu alfajiri, wanaanzia pale gorila walipolala jana. Mnaweza kutembea saa moja, mnaweza kutembea saa sita. Mlima unapanda mpaka pua inagusa tope. Jina lenyewe la Kiingereza la msitu ule linasema haupenyeki, na ni kweli.

Mkishafika, mkongojo chini, begi chini, barakoa usoni. Umbali ni mita 10. Mwenye mafua harudi nyuma tu, haingii kabisa, anatakiwa aseme asubuhi. Watu wanaona ni ukali. Si ukali. Gorila anashika magonjwa yetu. Mwaka 1996 upele wa binadamu uliingia kwa gorila wa Bwindi, mtoto mmoja akafa. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka ndiye aliyewatibu, na baadaye alianzisha shirika linalotibu watu wa vijijini na gorila kwa pamoja, kwa sababu aliona ukitaka gorila wawe wazima lazima jirani zao wawe wazima. Sensa ya mwisho iliyotangazwa ilihesabu gorila wa milimani 1,063 duniani kote, Bwindi na milima ya Virunga. Kwa hiyo kile kikohozi chako unachokiita kidogo kinaingia kwa wanyama ambao wote kwa pamoja hawafiki wanafunzi wa shule moja kubwa ya Kampala.

Sasa picha. Kule ndani ni giza, wakuu. Mtu anatoka Kisoro mjini jua linawaka, anafika chini ya miti kamera inapiga kwa kasi ya konokono, picha zote mtelezo. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila huruma, 3200, hata 6400. Chembechembe zinavumilika, mtelezo hauvumiliki. Gorila aliyekaa anakula, 1/250 ya sekunde inatosha. Akitembea, 1/500. Watoto wakianza kubingirika, panda zaidi.

Lenzi ndefu sana ni mzigo. Nimemwona bwana mmoja na lenzi yake kubwa, gorila akaketi mita 10 mbele yake na akabaki anaona sikio tu. Ile ya milimita 70-200 yenye mlango mpana ndiyo niliyoona watu wakiondoka nayo wakitabasamu.

Dume mwenye mgongo mweupe msimkazie macho kupitia lenzi kwa muda mrefu. Lenzi ni jicho kubwa jeusi linalomtazama. Piga, shusha kamera, tazama chini, chuma jani kama unakula. Nimeliona hilo likimtuliza dume zaidi ya mara moja. Akija mbele, fuata neno la kiongozi wako, usikimbie.

Na ukiwa na muda wa kupiga uso wa mbele, angalia pua. Mikunjo ya juu ya pua ya gorila hailingani kati ya mmoja na mwingine, wafuatiliaji wanawatambua kwayo kama sisi tunavyotambuana kwa sura. Picha ya pua iliyo wazi ni kitambulisho cha mnyama.

#12 Kijana wa Arua

Kaka Bahati, umenitoa machozi kidogo hapo kwa mtoto wa gorila. Vipi kuhusu mvua na simu?

#13 Bahati Kisoro

Kavera. Mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi, funga na raba. Mvua ya Bwindi haina msimu wa kuaminika. Na usilale na kamera ndani ya chumba chenye joto kisha uitoe ghafla kwenye baridi ya alfajiri, wala kinyume chake. Iache kwenye begi lililofungwa izoee, la sivyo kioo kitatoka jasho na saa yako moja itaishia kufuta.

#14 Mwanasesere_Ntinda

Na sisi tusio na 300,000 kwa sasa?

#15 Otieno wa Kisumu

Ngamba, dada. Kile kisiwa ziwani, kama kilomita 23 kutoka Entebbe kwa boti. Tangu 1998 wanatunza sokwe yatima waliookolewa kwa wawindaji na wafanyabiashara, wako kama 50. Wakati wa kulishwa wanatoka msituni na wageni wanatazama toka jukwaani, juu ya uzio. Boti ina gharama yake, kwa hiyo jikusanyeni. Kaa kwenye jukwaa upande ambao jua liko mgongoni kwako, na usipige tu wanaponyakua chakula. Subiri wakishashiba. Hapo wanaanza kuchambuana manyoya.

#16 Binti Ukerewe

Wakuu, nimerudi Entebbe jana na mdogo wangu, na mlichoandika nimekifanyia kazi. Khanga ilifanya kazi kwenye wavu, Otieno, picha ya yule de Brazza imetoka safi hadi mvi za ndevu zinahesabika.

Lakini picha iliyonikaa moyoni ni nyingine. Tulifika asubuhi, mawingu. Hatukupiga picha hata moja kwa dakika arobaini, Mzee wa Kitooro, tulikaa tu. Sokwe jike akaja ukingoni, mwingine akajilaza mbele yake kifudifudi. Yule aliyekaa akaanza kumchambua mgongo. Mdomo wa chini umemlegea, umening'inia, anaubanabana kwa sauti ndogo kila anapopata kitu, kama mwanamke anayesuka mwenzake huku amebana sindano midomoni. Kucha za vidole vyake ni za kijivu, zimekatika kama za fundi. Anatenganisha manyoya kwa kidole kimoja, anashikilia kwa kingine, anainamisha kichwa.

Mdogo wangu alishusha mwanga stopu moja, nukta kwenye jicho, 1/250. Alipiga kumi na moja. Ya saba ndiyo. Yule anayechambuliwa amefumba macho, na weusi wake ni mweusi kweli, unaona hadi mahali kidole kilipopita.

Amesema halalamiki tena kwamba Entebbe hakuna gorila. Ameanza kuweka akiba ya kibali. Bahati, mwezi wa nane Rushaga kunakuwaje, njia inapitika?

#17 Bahati Kisoro

Mwezi wa nane inapitika, lakini wageni ni wengi, mkate vibali mapema. Mkifika Kisoro niulizieni stendi, nitawabebea kamera mimi mwenyewe.